Geuza Kwanza, Jina Baadaye

Karibu kila anayenitumia picha ya kuvumwani huwa amepiga upande wa juu tu. Simlaumu. Upande wa juu ndio unaoonekana, ndio wenye rangi, na simu haipendi kuingizwa kwenye upenyo mwembamba kati ya jani na gome. Lakini kwa lile kundi linalonikosesha usingizi mimi, yaani kuvumwani za kahawia zenye umbo la majani zinazoota kwenye misitu yenye unyevunyevu, upande wa juu hausemi mengi. Habari yote iko chini.

Nasema haya kwa sababu nimepata moja, ya jenasi (yaani kundi la spishi ndugu) iitwayo *Sticta*, ambayo nilikuwa naitafuta kwa muda mrefu, na nimeulizwa na watu wawili watatu nimeitambuaje. Basi niandike mara moja, wote wasome.

Kwa asiyezizoea: kuvumwani, au likeni, ni kuvu inayoishi pamoja na kiumbe kingine chenye uwezo wa kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mara nyingi kiumbe hicho ni mwani wa kijani. Katika takribani spishi moja kati ya kumi ni sianobakteria, wale bakteria wa rangi ya kijani-buluu, na hao ndio watakaotuhusu leo. Mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Simon Schwendener, alipoeleza mwaka 1867 kwamba hapa kuna viumbe wawili ndani ya mwili mmoja, wakubwa wa fani hiyo walimcheka. Waliokuwa wamezisoma kuvumwani maisha yao yote hawakutaka kusikia kwamba walikuwa wakitazama kuvu na mateka wake. Leo zinatambuliwa takribani spishi 20,000, na hakuna anayebisha tena.

Msitu wenyewe sitautaja. Ndiyo desturi ya watu wa fani hii kwa spishi adimu, na sababu yake ni kwamba wapo wakusanyaji ambao wakisikia neno "adimu" huja na kisu. Nitasema tu ukoje, maana ukoje ndiyo nusu ya utambuzi.

Ni bonde jembamba lenye kijito kisichokauka. Upande mmoja wa bonde hupata jua la asubuhi, ule mwingine haulipati kabisa hadi jioni, na kuvumwani yangu iko kwenye huo wa pili. Miti ina umri tofauti: kuna miche, kuna ya makamo, kuna mizee iliyokwisha oza ndani, na kuna iliyoanguka zamani ikabaki ilipo. Hiyo mizee ndiyo ninayoiendea moja kwa moja, hasa iliyoinama. Mti uliosimama wima hupata maji ya mvua yanayoteremka pande zote kwa haraka. Ulioinama una upande wa juu unaopokea mvua na kuihifadhi, ukoga, yaani vile vimea vidogo vya kijani vinavyotanda kama zulia, unaota pale, na juu ya ukoga au pembeni yake ndipo kuvumwani hizi hupenda kukaa.

Watu hudhani msitu wenye unyevu maana yake ni msitu wenye giza. Sivyo. Penye giza sana ukoga hushinda na kufunika kila kitu, na kuvumwani hubaki bila nafasi. Kinachotakiwa ni mwanga wa pembeni, unaoingia kupitia uwazi juu ya kijito au pengo lililoachwa na mti ulioanguka, huku hewa ikibaki na majimaji. Ukikata miti yote ya kando ya kijito ili "kusafisha", upepo utaingia na kukausha mashina, nazo zitakufa. Ukiacha msitu ukajifunga kabisa kwa miti michanga ya rika moja, zitakufa pia, ila polepole zaidi.

Kuhusu maji kuna jambo moja ambalo lilinibadilishia kabisa namna ya kutembea msituni. Mwaka 1986 mtafiti wa Ujerumani, Otto Lange, pamoja na wenzake walionyesha kwamba kuvumwani zenye mwani wa kijani zinaweza kuamka na kuanza kutengeneza chakula kwa kunyonya mvuke tu kutoka hewani, bila tone la mvua. Zenye sianobakteria haziwezi. Hizo zinahitaji maji yenyewe, ya kumiminika: mvua, umande unaodondoka, maji yanayoteremka kwenye shina. Kwa hiyo siku hizi nikiingia msituni siulizi tu kama hewa ina unyevu. Natafuta njia ya maji. Natazama mvua ikinyesha inashukia wapi kwenye shina, ipi ndiyo michirizi myeusi kwenye gome, ni kidonda gani cha mti kinachovuja. Michirizi hiyo ina faida nyingine: mara nyingi hupunguza ukali wa asidi ya gome, na kuvumwani zenye sianobakteria hazipendi asidi hata kidogo. Ndiyo maana huzipati sana kwenye miti yenye gome chachu kama mingi ya jamii ya misonobari, isipokuwa pale ambapo mazingira mengine yote yamekubali.

Sasa tuje kwenye mti wenyewe. Nilikuwa na mtoto wa kaka yangu, kijana wa sekondari ambaye huja nami kwa sharti kwamba yeye ndiye abebe lenzi. Tulipofika kwenye shina lililoinama niliona vipande vya kahawia iliyokolea kuelekea weusi, vya mviringo mviringo, kila kimoja si zaidi ya ukucha wa kidole gumba, vimejibana kwenye ukoga. Vilikuwa vikavu na vimejikunja kingo. Nikavipulizia maji ya mvua niliyobeba kwenye chupa ndogo. Hapo unasubiri dakika moja tu. Jani likavimba, likajikunjua, likawa laini, rangi ikageuka kahawia ya mzeituni.

Kijana akasogeza uso, akarudi nyuma haraka.

"Shangazi, hii inanuka samaki!"

"Samaki gani?"

"Wa juzi."

Nilijikaza nisiruke. Jenasi ya *Sticta* ina spishi kadhaa ambazo zikilowa hutoa harufu ya samaki walioanza kuharibika, kwa sababu ya kemikali za jamii ya trimethilamini, zilezile zinazowanukisha samaki wenyewe. Siyo spishi zote, na wala siyo kila mara. Lakini ukiwa msituni mbali na maji ya bahari na jani la kahawia likakunukia hivyo, una haki ya kuanza kupumua kwa kasi. Mimi hunusa kabla ya kutoa lenzi. Wenzangu wengine huona haya kuonekana wakinusa miti. Shauri yao.

Harufu peke yake haitoshi kuandika jina, kwa hiyo tukageuza. Kwa kibano niliinua ukingo wa kipande kimoja bila kukibandua, kijana akamulika tochi kwa pembeni. Chini kulikuwa na manyoya mafupi, laini, ya rangi ya kahawia hafifu, na katikati ya manyoya hayo vishimo vyeupe vya mviringo, vingine vya kuonekana hata bila lenzi. Vishimo hivyo vinaitwa sifela, na ndivyo vitambulisho vya *Sticta*. Ukivitazama kwa lenzi ya mara kumi utaona kila kimoja kina mdomo uliochongeka wazi, ukingo umeinuka kidogo, na ndani kumetandazwa utando mweupe. Kazi yake ni kupitisha hewa: jani likilowa, ngozi yake ya juu huvimba na kuziba, na bila matundu ya chini viumbe vya ndani vingekosa kaboni dioksidi.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kuna jenasi jirani, *Pseudocyphellaria*, nayo ya majani makubwa, nayo ya misitu yenye mvua, nayo ina vidoa vyeupe au vya njano upande wa chini. Lakini vile ni sifela bandia: ngozi ya chini imepasuka tu, nyuzi za kuvu za ndani zikachungulia. Hakuna mdomo, hakuna utando. Kwa jicho la haraka ni doa na doa. Kwa lenzi, moja ni kishimo kilichojengwa, nyingine ni mpasuko. Nilimpa kijana lenzi aniambie mwenyewe anaona nini kabla sijamwambia ninachotaka kuona, maana mtu ukimtangulizia jibu macho yake hulitii. Akasema, "Kina ukingo. Kimezungushiwa." Basi, jenasi tukawa nayo.

Spishi sasa. Tukarudi upande wa juu, ambao nimeutukana pale mwanzoni lakini una kazi yake katika hatua hii. Kuvumwani nyingi hazitegemei spora, zile chembe za uzazi za kuvu, peke yake kuzaliana. Hudondosha vipande vidogo ambavyo tayari vina kuvu na mwenzake ndani. Vikiwa unga laini usio na ngozi, huitwa soredia. Vikiwa vijiti au vinundu vidogo vyenye ngozi yake, huitwa isidia. *Sticta limbata* huwa na soredia za kijivu hasa kandokando ya majani. *Sticta fuliginosa* na ndugu zake huwa na isidia nyeusi-nyeusi zilizosambaa usoni. Kwa macho matupu zote mbili huonekana kama masizi yaliyomwagika. Nikapitisha ncha ya sindano kwa upole: unga ungepakaa, hizi hazikupakaa. Zilikuwa vijiti vifupi, vingine vimetoa matawi, vimesongamana katikati ya jani na kupungua kuelekea ukingoni. Isidia.

Kuna wanaouliza kwa nini sikutumia kemikali. Ninazo. Mkoba wangu una kichupa cha potasi na kichupa cha klorini ya kufulia, na kwa kuvumwani nyingi tone moja hugeuza rangi na kumaliza ubishi. Ile kubwa ya kijani yenye mabonde, *Lobaria pulmonaria*, huonyesha njano hadi rangi ya machungwa kwa potasi. Ipo na kemikali ya tatu, parafenilenidiamini, ambayo ni sumu na siibebi ninapokuwa na mtoto. Lakini kundi hili la *Sticta* za kahawia halina kemikali za kujibu, tone litakaa tu. Kumwagia potasi kiumbe adimu ili upate jibu ambalo tayari unajua ni "hakuna" ni ukatili usio na faida.

Aliyetuletea mbinu hiyo ya matone ni William Nylander, Mfini aliyeishi Paris, mwaka 1866. Mwaka huohuo aliandika kuhusu kuvumwani za miti ya bustani ya Luxembourg mjini humo, akaonyesha kwamba zinapungua mjini kwa sababu ya hewa, na kwamba zinaweza kutumiwa kupima usafi wa hewa yenyewe. Kufikia 1896 zile za bustani zilikuwa zimetoweka. Kwa bahati ya kuchekesha, Nylander alikuwa mmoja wa waliompinga Schwendener hadi mwisho. Mtu anaweza kuona moshi wa mji mzima na asione mwani ulio mbele ya hadubini yake.

Hilo la hewa ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya uadimu wa *Sticta* na jamaa zake. Kuvumwani haina mizizi wala ngozi ya nta. Kinachoshuka na mvua kinaingia. Salfa dioksidi kutoka kwenye makaa ya mawe iligeuza mvua kuwa asidi, ikachachusha magome, na wenye sianobakteria wakawa wa kwanza kuondoka. Katika nchi nyingi za viwanda zilibaki kwenye mabonde ya mbali yanayotazama bahari, kama yale ya pwani ya magharibi ya Uskoti, ambako mvua ni nyingi na moshi haukufika sana. Na hata hewa ikisafishwa leo, hazirudi upesi. Hukua milimita chache kwa mwaka, na vijiti vyake huanguka karibu na vilipotoka. Zikishaondoka kwenye bonde na bonde jirani, nani atazileta?

Kwa sababu hiyo sikuridhika na mti mmoja. Nikaacha *Sticta* yangu, nikaanza kuhesabu majirani. Kuvumwani ya aina hii haikai peke yake. Ina kundi lake, na kundi ndilo linaloeleza historia ya msitu. Mwingereza Francis Rose aliandaa mwaka 1976 orodha ya spishi 30 za kupimia kama msitu umedumu kama msitu kwa muda mrefu bila kukatwa wote, na *Lobaria pulmonaria* imo, na *Sticta* mbili zimo. Mti wa tatu kutoka ule ulioinama ulikuwa na *Lobaria pulmonaria* ya upana wa sahani. Nilipoiona hiyo, shaka yangu kuhusu msitu iliisha hata kabla shaka kuhusu jina haijaisha.

Kwa maana shaka ya jina bado haijaisha. Mwaka 2015 Nicolas Magain na Emmanuël Sérusiaux walichunguza DNA ya kile ambacho Ulaya Magharibi yote ilikuwa ikiita *Sticta fuliginosa*, wakakuta ni spishi nne. Kolombia nako, kazi ya Bibiana Moncada na Robert Lücking imeonyesha kwamba chini ya jina hilohilo kulikuwa kumejificha spishi nyingi. Kwa hiyo vitabu vya zamani vyenye ramani ya *Sticta fuliginosa* kutoka bara hadi bara vinachora kundi zima, na mimi mwenye lenzi ya mara kumi siwezi kukata shauri hilo juu ya shina lenye utelezi. Kwenye daftari nimeandika "*Sticta fuliginosa* kwa maana pana". Wako watakaoona ni uoga. Mimi naona jina pana lililo kweli linafaa kuliko jina jembamba la kubahatisha, hasa likiingia kwenye kumbukumbu ambazo mtu mwingine atazitumia miaka ishirini ijayo.

Kuna kisa cha kuvumwani nyingine ambacho huwa nawasimulia wanaodhani kupata jina ndio mwisho wa kazi. *Erioderma pedicellatum*, ya kijivu-kahawia, yenye manyoya juu na vikombe vidogo vyekundu-kahawia, ilikusanywa mwaka 1902 kwenye kisiwa cha Campobello, Kanada. Leo ngome yake kuu ni Newfoundland, kisiwa kingine cha Kanada, kwenye mashina na matawi ya *Abies balsamea*, mti wa jamii ya misonobari, katika misitu ya baridi yenye ukungu. Haina soredia wala isidia. Inategemea spora tu. Maana yake kila spora lazima ikutane upya na sianobakteria wake, *Scytonema*. Na wanakutania wapi? Watafiti wanaeleza kwamba ni ndani ya mmea mdogo wa jamii ya ukoga uitwao *Frullania*, ambao majani yake yana vifuko vya maji, na sianobakteria huishi humo. Ondoa *Frullania* kwenye shina na kuvumwani haina pa kuanzia, hata hewa ikiwa safi kama nini. Juu ya hayo, wanyama wakubwa wa kaskazini wala majani waitwao musi (moose) walipelekwa Newfoundland mwaka 1904, nao hula miche ya mti uleule. Mwaka 2003 kuvumwani hiyo iliingizwa kwenye orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, katika daraja la walio hatarini kabisa. Kulijua jina hakukusaidia kitu mpaka watu walipoujua mti, mmea mdogo wa kwenye mti, na mnyama anayekula mti.

Kuhusu sampuli: sikubandua chochote kwenye shina. Chini, kwenye majani yaliyooza, tulikuta kipande kilichoanguka na ganda la gome, yumkini kwa kazi ya koa, maana kingo zake zilikuwa zimeguguniwa. Hicho ndicho nilichochukua, kikakaushwa kwenye bahasha ya karatasi. Plastiki usitumie, itavunda. Nje ya bahasha niliandika tarehe, aina ya mti, urefu kutoka ardhini, upande wa shina, na majirani wote niliowatambua. Kipande kimeshaenda kwa mtu mwenye maabara ya DNA, na atachukua muda wake.

Kwa hiyo ukipata yako na ukataka nikusaidie, nitumie picha nne: juu ikiwa kavu, juu ikiwa imelowa, chini kwa karibu, na shina zima kutoka hatua kadhaa nyuma. Na uniandikie inanuka nini.